Mchoro na Hadithi katika Kumtambua Mtoto Mwenye Sonona

Katika kila darasa la shule ya msingi yumo mtoto ambaye mwalimu humsahau. Hapigi kelele, hagombani na wenzake, haulizi wala hajibu. Daftari lake huwa safi kwa kuwa machache mno yameandikwa ndani yake. Mwalimu mmoja atamsifu kwa utulivu, mwingine atamwadhibu kwa uvivu, na wote wawili wataendelea na somo. Makala haya yanamhusu mtoto huyo. Tunayaandika kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, maana wao watakutana naye katika juma la kwanza tu, wakiwa na andalio la somo mkononi na hofu ya kukaguliwa moyoni.

Maoni yetu ni haya. Kuchora na kusimulia hadithi ni miongoni mwa njia bora alizo nazo mwalimu wa shule ya msingi za kumtambua mapema mtoto mwenye sonona, nazo hazihitaji fedha nyingi wala chombo cha kigeni. Papo hapo tunapinga desturi ya kuusoma mchoro wa mtoto kama mganga apigavyo ramli, yaani kutamka ugonjwa kwa kutazama rangi iliyotumika na ukubwa wa kichwa kilichochorwa. Mambo hayo mawili hapana budi yaende pamoja, kwani anayelishika la kwanza akaliacha la pili aweza kudhuru kuliko yule asiyeshika lolote.

Sonona ni nini

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya huzuni. Twasema mtu ana mawazo, ana moyo mzito, amenyong'onyea, amekuwa mnyonge. Kusonona ni kuumia moyoni kwa huzuni au majuto, na kutokana na kitenzi hicho matabibu wetu wamepata neno sonona. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba si kila huzuni ni sonona. Mtoto aliyefiwa na babu yake atalia, atakosa hamu ya chakula kwa siku kadhaa, kisha taratibu mchezo utamrudia. Sonona ni hali inayodumu. Matabibu huitazama kwa muda usiopungua majuma mawili, ikimwandama mtoto karibu kila siku na kumharibia masomo, michezo na maingiliano yake na watu.

Dalili zake ni hizi: mtoto hapendi tena mambo aliyoyapenda, usingizi wake umepungua au umezidi, chakula kimemshinda, huchoka bila kazi, hawezi kuliweka wazo lake mahali pamoja, hujiona hafai, na pengine huzungumzia kufa. Kwa watoto liko jambo moja linalowapotosha walimu wengi, nalo ni kwamba huzuni yao mara nyingi hujitokeza kama hasira. Mtoto ambaye amekuwa mkali, anayetupa kalamu na kugombana kwa jambo dogo, aweza kuwa na ugonjwa ule ule wa mwenzake aliyenyamaza. Wengine hulalamika kila mara kuumwa kichwa au tumbo, na zahanati isione ugonjwa wowote.

Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe walitia shaka kama mtoto anaweza kupatwa na sonona. Mwaka 1946 daktari René Spitz aliandika juu ya watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao, ambao walilia sana mwanzoni, kisha wakajitenga na kukosa hamu ya kila kitu. Hata hivyo, ni mwaka 1980 ndipo mwongozo wa tatu wa madaktari wa akili wa Marekani ulipokubali kwamba dalili za msingi za ugonjwa huu kwa mtoto ni zile zile za mtu mzima. Iwapo mabingwa walichelewa kiasi hicho, mwalimu wa kijijini asishangae kuwa naye hakuona.

Wala tusidhani kuwa hayo ni mambo ya nchi za mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwalinganisha watoto 41 wa Dar es Salaam waliofiwa na wazazi kwa ugonjwa wa UKIMWI na watoto wengine 41 wasio yatima. Kati ya yatima hao, asilimia 34 walisema kuwa waliwahi kufikiria kujiua katika mwaka uliotangulia. Watoto hao walikuwa wa umri wa kwenda shule. Mwanachuo atakayesimama mbele ya darasa hana haki ya kusema kuwa jambo hili halimhusu.

Kwa nini kuchora na kusimulia

Mtu mzima akiumwa moyo anaweza kusema, ijapokuwa kwa shida. Mtoto wa miaka minane hana maneno hayo. Tena katika malezi yetu mtoto mwenye adabu hasemi mambo ya nyumbani mbele ya wageni, na mwalimu, hata awe mpole namna gani, ni mgeni katika nyumba hiyo. Ukimwuliza, "Una nini?" atajibu, "Sina kitu, Mwalimu," akiwa ameinamisha kichwa. Jibu hilo si uongo. Ni adabu aliyofundishwa.

Hadithi humpa mtoto ruhusa ambayo swali haliwezi kumpa. Akishaitikiwa "Pakawa!" hasemi tena habari zake, anasema habari za Sungura, Fisi na Kobe. Sungura anaweza kuogopa, kufukuzwa nyumbani, kuchukiwa na ndugu zake, na msimuliaji asilaumiwe. Mchoro nao hufanya vivyo hivyo. Mkono wa mtoto hueleza jambo ambalo ulimi umekatazwa.

Wataalamu wa elimunafsi walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1926 Florence Goodenough wa Marekani alitumia mchoro wa mtu kupima akili za watoto. Mwaka 1949 Karen Machover alikwenda mbali zaidi akasema kuwa mchoro wa mtu hufunua tabia ya ndani ya mchoraji. Mwaka huo huo wa 1949 Leopold Bellak alitoa picha kumi za wanyama ili watoto wazitungie hadithi, kwa imani kwamba mtoto hujiona kwa wepesi zaidi katika mnyama kuliko katika mtu. Wahenga wetu waliotulea kwa ngano za Sungura wasingelishangazwa na imani hiyo. Huko Uingereza daktari wa watoto Donald Winnicott alikuwa akichora msitari ovyo ovyo na kumwachia mtoto aukamilishe, kisha mtoto huchora wake na daktari huukamilisha, na mazungumzo huzaliwa hapo.

Anayekaribia zaidi haja yetu ni Rawley Silver, ambaye mwaka 1988 alitoa kipimo cha kuchora hadithi kwa ajili ya kuwachuja watoto wenye sonona. Mtoto huonyeshwa picha 14, huchagua mbili, huwaza jambo linalotokea baina yao, hulichora, kisha hulisimulia kwa maneno. Hadithi hupewa alama 1 hadi 5. Alama ya chini kabisa ni ya hadithi ambayo mhusika yu peke yake, hana wa kumwokoa, au yumo katika hatari ya kufa. Ya juu kabisa ni ya hadithi ya wenye furaha, mafanikio na mapenzi. Angalieni neno "kuchuja". Silver hakusema kuwa kipimo hicho kinatoa hukumu. Chombo cha kuchuja hutuonyesha nani atazamwe zaidi.

Makosa yetu mawili

Tulipoanza kazi tulifundisha Darasa la Tatu katika shule moja iliyo kando ya ziwa. Shule hiyo hatuitaji, na mambo yawezayo kuwatambulisha watoto tumeyaacha. Tulikuwa tumetoka chuoni na daftari lililojaa dalili: mtu mdogo sana kwenye karatasi ni unyonge, mikono kukosekana ni kukata tamaa, weusi mwingi ni wasiwasi na huzuni.

Siku moja mtoto mmoja wa kiume alituletea karatasi aliyoipaka makaa yote, isipokuwa vidoa vichache vyeupe upande wa juu. Moyo ulitushtuka. Bila kumwuliza neno tulimwita mama yake, naye akatembea mwendo mrefu, akiwa ameacha dagaa wake wameanikwa mchangani bila mtu wa kuwageuza. Tulimweleza kwa sauti ya kitaalamu kuwa tuna mashaka na hali ya mwanawe. Mama akaanza kulia. Ndipo mtoto, akiona mama yake analia, akaonyesha karatasi kwa kidole akasema, "Huu ni usiku. Hizi ni taa za baba na wenzake. Wanavua." Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kila mtoto wa mwambao ule alikuwa amekiona kile tulichokiita ugonjwa. Mchoro ule ulikuwa bora kuliko yote darasani, nasi tuliutumia kumliza mzazi.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Katika darasa hilo hilo kulikuwa na mvulana aliyechora kila juma nyumba ile ile, yenye mlango, madirisha mawili, maua mawili na bendera. Mistari yake ilinyoka. Tuliibandika ukutani ili wengine waige. Katika kipindi cha hadithi tulimwinua, naye akasimulia kwa sauti ndogo kwamba Sungura aliwaalika wanyama wote, wakaja wakala, na wakati wanakula yeye akaenda kukaa nyuma ya kichuguu. Hakuna aliyemtafuta. Basi, hadithi imekwisha.

Darasa lilicheka. Sisi nasi tukasema, "Hadithi haiishi hivyo. Sungura ni mjanja. Nani atatumalizia?" Mtoto mwingine akasimama, akaimaliza vizuri kwa hila ya kumtega Fisi, tukampigia makofi. Yule wa kwanza akaketi. Baada ya majuma machache hakuja shule, na siku ya tisa ndipo tulipokwenda kwao. Tulimkuta amelala mchana, amekonda, hataki kuzungumza. Walezi wake walidhani ni malaria, kisha uchawi, kisha uvivu. Alipelekwa hospitali ya wilaya, na kwa bahati njema pale alikuwapo mwuguzi aliyesomea magonjwa ya akili. Aliyomwambia mwuguzi huyo si yetu kuyaandika. Yatosha kusema kwamba alikuwa akijilaumu kwa kifo ambacho hakuna mtoto angeweza kukizuia. Alirudi shuleni muhula uliofuata.

Yafaa tuzingatie tofauti ya mambo hayo mawili. Mchoro mweusi ulikuwa wa mtoto mwenye afya. Mchoro wa maua ulikuwa wa mtoto mgonjwa. Kilichosema kweli katika mkasa wa kwanza ni maelezo ya mtoto, na katika mkasa wa pili ni hadithi. Tena hadithi yenyewe ilisema kweli kwa jambo moja ambalo kila mtu aliyelelewa kwa ngano zetu angelitambua: Sungura hakujaribu kutoka. Katika ngano zetu Sungura akibanwa hutafuta hila, na mtoto anajua hivyo tangu angali mdogo. Anapomsimulia Sungura aliyeacha kutafuta hila, ameiacha njia anayoifahamu ili aseme lake. Nasi tulimsahihisha.

Udhaifu wa kusoma ishara

Baadaye tuligundua kuwa wataalamu wenyewe wamekwisha kuonya. Mwaka 2000 Scott Lilienfeld na wenzake wawili walichapisha uchambuzi mrefu wa vipimo vya namna hii, wakaonyesha kuwa ishara moja moja za mchoro wa mtu, kama vile ukubwa wa macho au kivuli, hazina ushahidi wa kutosha wa kutambulisha ugonjwa. Mchoraji hodari na mchoraji asiyejua hutofautiana kwa sababu ya uhodari, na mpimaji asiyejihadhari huita hali ya kutojua kuchora kuwa ni ugonjwa wa moyo.

Hali yetu huongeza hatari hiyo. Elizabeth Koppitz alitoa mwaka 1968 orodha ya ishara 30 za shida ya moyo katika mchoro wa mtu. Miongoni mwake yamo mawingu, na kuchora watu watatu au zaidi pale mtoto anapotakiwa kuchora mmoja tu. Sasa mpe karatasi mtoto wa Dodoma, ambako wingu hungojewa kwa miezi mingi na mvua ni neema. Atachora mawingu kwa furaha. Mwambie mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya watu kumi na wawili achore mtu mmoja. Atamwongezea ndugu zake, kwa kuwa hajapata kumwona mtu akiwa peke yake isipokuwa ana matatizo. Goodenough mwenyewe, pamoja na Dale Harris, alikiri mwaka 1950 kwamba kutafuta kipimo kisichofungamana na utamaduni wowote ni kujidanganya.

Liko pia jambo la mazoea. Watoto wengi wa mijini huchora twiga na ndege wenye madoa kwa namna aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam mwaka 1968, kwa sababu ndiyo michoro wanayoiona ikiuzwa barabarani. Wengine huchora nyumba, maua na bendera kwa sababu ndivyo mwalimu wa Darasa la Kwanza alivyochora ubaoni. Mchoro wa kunakili hauna habari za moyo. Unaonyesha tu kuwa mtoto ni mtiifu. Mvulana wetu wa maua alikuwa amepata mahali pa kujificha, na sisi tuliomsifu ndio tuliomfungia mlango.

Namna ya kufanya

Tunajua kuwa mwanachuo atauliza, "Nifanyeje basi, nami nina watoto 90 darasani?" Tunapendekeza yafuatayo, ambayo tumeyajaribu.

Kwanza, mwalimu awape watoto wote vifaa vya namna moja. Mgongo wa kalenda ya zamani, karatasi ya mfuko wa saruji na kipande cha kaa vinafaa. Mtoto mmoja akipewa rangi tano na mwingine kaa peke yake, michoro yao haiwezi kulinganishwa.

Pili, mwalimu asichore ubaoni. Atoe maagizo kwa mdomo tu, kwa mfano: "Fikirini watu wawili au wanyama wawili. Kuna jambo linatokea baina yao. Chora jambo hilo." Agizo hilo linatosha, wala halimlazimishi mtoto kusema habari za kwao.

Tatu, darasa zima lichore, lakini kila juma mwalimu awasikilize watoto kumi tu, mmoja mmoja, wakati wengine wakimalizia kazi. Kwa darasa la watoto 90 kila mtoto atakuwa amesikilizwa katika majuma tisa. Mtoto anayetia shaka asikilizwe mapema zaidi.

Nne, mwalimu aseme, "Hebu nisimulie mchoro wako," kisha anyamaze. Asiulize, "Mbona mtu huyu hana mikono?" kwani mtoto ataiongeza mikono ili kumridhisha. Hadithi ikisimama, maswali matatu yatosha: Ni nani hawa? Kunatokea nini? Baadaye itakuwaje? Hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa, kwa maana mtoto mwenye sonona aghalabu haoni baadaye yoyote.

Tano, mwalimu awe na kijidaftari chake, aandike tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyatafsiri. Asiandike "ana huzuni". Aandike "Hakuna aliyemtafuta".

Sita, mtoto alinganishwe na yeye mwenyewe wa zamani kabla ya kulinganishwa na wenzake. Mtoto aliyechora siku zote kwa uchache na sasa anachora kwa uchache hajabadilika. Mtoto aliyejaza karatasi kwa watu na mitumbwi, na sasa anachora kichwa kimoja pembeni kwa majuma matatu mfululizo, ana jambo.

Mashaka ya kweli huanza mambo mawili yanapokutana. La kwanza ni hadithi zinazojirudia zenye mhusika aliye peke yake, asiye na wa kumsaidia, anayejilaumu, anayepotea au kufa, au hadithi isiyo na mwisho. La pili ni dalili katika maisha ya kila siku tulizozitaja awali: mtoto hachezi, analala darasani, amekonda, amekuwa mkali. Hadithi moja ya kusikitisha peke yake si kitu. Ngano zetu zimejaa mazimwi yanayokula watu, na watoto wenye afya kamili huzipenda.

Baada ya kutambua

Hapa ndipo mwalimu anapoweza kuharibu yote aliyoyajenga. Mchoro wenye mashaka usibandikwe ukutani, wala usipelekwe kwenye chumba cha walimu kuchekwa. Mtoto asiitwe mbele ya wenzake. Mwalimu akae naye mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika, aseme kwa upole, "Mwanangu, nimeona siku hizi huchezi na wenzako. Ukitaka kuzungumza, mimi nipo." Kisha asiharakishe. Wala asimwahidi kuwa hatamwambia mtu yeyote, kwani yapo mambo ambayo mwalimu hana ruhusa ya kuyaficha.

Mwalimu amwarifu mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri na unasihi, kisha mzazi au mlezi aitwe kwa heshima, si kama mshtakiwa. Lakini kama maneno ya mtoto yanaonyesha kuwa anayemwumiza yumo ndani ya nyumba hiyo, kumwita mzazi kwanza ni kumrudisha mtoto katika hatari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye kazi ya kulishughulikia jambo hilo. Ipo pia simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Mtoto akisema, au akichora kwa namna isiyo na shaka, kwamba anataka kufa, mwalimu asingoje juma lijalo wala asiseme kuwa ni mchezo wa watoto. Asimwache peke yake siku hiyo, na afikishwe mikononi mwa tabibu. Kumwuliza mtoto kwa upole kama amewahi kufikiria kujiua hakumfundishi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua.

Hoja za wanaopinga

Wako walimu wenzetu wanaosema kuwa mwalimu si daktari. Twakubali. Mwalimu hatibu sonona, wala haandiki katika rekodi za shule kwamba mtoto fulani anayo. Lakini mwalimu si daktari wa macho pia, na bado humhamishia mbele mtoto asiyeona ubao na kuwashauri wazazi wampeleke hospitali. Tunachokidai ni kiasi hicho hicho.

Wengine husema kuwa madarasa yamejaa, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, na muhtasari wa masomo ni mrefu. Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Hata hivyo, kuchora na kusimulia si kazi mpya tunayoiongeza. Mtoto anayesimulia mchoro wake anajifunza Kiswahili: anapanga matukio, anachagua maneno, anasikilizwa. Kipindi ni kile kile; kinachobadilika ni mwalimu kusikiliza badala ya kusahihisha tu. Na darasa linapokuwa kubwa ndipo mtoto mnyamavu anapopotea kwa urahisi zaidi.

Pendekezo letu kwa chuo ni dogo. Kila mwanachuo aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha atakiwe kurudi na kijidaftari chenye hadithi za watoto kumi, zikiwa zimeandikwa kwa maneno yao wenyewe na bila majina. Kijidaftari hicho kisitolewe alama kwa idadi ya "wagonjwa" waliogunduliwa, maana hapo tutazaa wapiga ramli. Kitolewe alama kwa jambo moja tu: je, mwanachuo huyu alisikiliza?

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mtoto hafichi maradhi yake kwa kupenda. Anayaficha kwa sababu hajapata wa kumwambia. Ewe mwanachuo, mtoto akikusimulia kwamba Sungura alikaa nyuma ya kichuguu na hakuna aliyemtafuta, usimalize hadithi kwa niaba yake. Mwulize, "Alikaa huko muda gani?" kisha ngoja jibu, hata kengele ikilia.